Mwonyaji na Mwokozi

Msomaji kijana, pima jambo hili katika mizani ya akili yako. Nani astahili shukrani kubwa zaidi: amwokoaye mtu aliyekwisha kuzama, au amzuiaye asiingie katika maji mabaya? Wengi humsifu wa kwanza, kwa kuwa kazi yake huonekana. Kazi ya wa pili haina shahidi, maana msiba alioukinga haukutokea.

Itazame nchi ya Embu. Juu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, kuna mito, chai na kahawa. Chini, katika Mbeere, mvua ni haba, kama ilivyo Tharaka, jirani yake. Katika miaka ya 1970 wataalamu wawili, David Brokensha na Bernard Riley, walichunguza maisha ya Mbeere, wakafundishwa na wenyeji majina na manufaa ya mimea yao. Kitabu chao kilitoka mwaka wa 1988. Lakini mwalimu wa kwanza alikuwa mkulima mwenyewe, apandaye mtama, mawele na kunde na kufuga mbuzi, ili kimoja kikimnyima kingine kimlishe.

Mwaka wa 1984 mvua za masika zilikosekana katika sehemu kubwa ya Kenya. Serikali haikungoja vilio. Iliagiza mapema mahindi ya njano kutoka nchi za nje, na njaa ikapunguzwa makali. Hata leo wako wanaokumbuka ladha mbaya ya mahindi yale. Ni wachache wanaokumbuka makaburi ambayo hayakuchimbwa.

Hapa ndipo penye mtihani wa mtaalamu wa maafa. Akionya, kisha mvua ikanyesha, huitwa mwongo. Akinyamaza, njaa ikaingia, hakuna amwulizaye. Basi kimya ni rahisi kwake, lakini bei yake hulipwa na mwingine, naye ni maskini. Kwa hiyo nasema ni wajibu wake kunena ayajuayo, na kutaja bila kuficha kiasi cha shaka yake. Aficha shaka hupoteza imani ya watu. Angojaye yakini hufika baada ya mazishi.

Mwaka wa 2011 Kenya iliunda mamlaka ya taifa ya kukabiliana na ukame. Huenda siku moja wewe ukafanya kazi ya namna hiyo. Ukiichagua, jizoeze mapema kuishi bila makofi, na usiache kumsikiliza mkulima wa Mbeere. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Naye azibaye ufa hasifiwi kwa ukuta usioanguka.