Bangili Kuukuu kwa Bangili Mpya

Mas'ala haya tumeulizwa mara nyingi, khasa miezi ya harusi. Mwanamke ana bangili kuukuu za dhahabu. Azipeleka kwa sonara, zapimwa, apewa mpya, naye aongeza shilingi juu yake. Yafaa au haifai? Na muulizaji hukaza: mbona mtu akitoa simu yake ya zamani dukani akaongeza pesa akapewa mpya, hamsemi kitu?

Simu si katika mali za riba, wala cherehani, wala jokofu. Kubadilishana vyombo hivyo kwa nyongeza ni halali, maadamu wawili wameridhiana na aibu ya chombo haikufichwa. Ajuaye kwamba betri imekufa kisha akanyamaza, huyo ana hisabu nyingine.

Dhahabu sivyo. Dhahabu kwa dhahabu ni uzani sawa kwa sawa, tena mkono kwa mkono. Ukuukuu na upya hauangaliwi. Na kutia shilingi upande mmoja hakuitengezi biashara hiyo. Aliyesoma fiqhi ya Shafii aijua kanuni ya muddi ya ajwa.

Bilali alimletea Mtume (s.a.w.) tende nzuri, akamweleza kuwa alitoa pishi mbili za tende mbovu akapata moja ya hizo. Mtume alisikitika, akamwambia kuwa hiyo ndiyo riba khasa. Akitaka tende nzuri, na auze zake kwanza, kisha anunue kwa thamani yake.

Hapa watu huuliza: ikiwa mwisho ni ule ule, kuzunguka huku kuna maana gani? Kwa Muislamu amri yatosha. Walakini na tutazame dukani. Zikibadilishwa kwa mara moja, bei ya kuukuu imejificha ndani ya bei ya mpya. Sonara aweza kusifu bangili zako, akakupa bei ya kukupendeza, kisha akairudisha yote katika ujira wa ufundi, nawe hujui umeuza kwa ngapi wala umenunua kwa ngapi. Zikiuzwa kwanza, bei yaonekana. Na mwenye pesa mkononi ana khiyari ya kwenda duka la pili. Kwa hivyo haifai sonara kushurutisha, "Nitazinunua hizi ukinunua kwangu." Imamu Ahmad alipendelea muuzaji akatafute kwengine kwanza.

Hatufichi kwamba Ibn Taymiyya na Ibn al-Qayyim waliruhusu ziada kwa ajili ya ufundi wa mapambo ya halali. Wanavyuoni walio wengi hawakuwafuata katika hilo, na sisi twaona njia aliyofundishwa Bilali haina uzito wa kumfanya mtu aiache.

Wala haitoshi sonara kuandika hisabu kwenye karatasi akakata kilichozidi. Pesa zitoke kwake ziingie mkononi mwa mwanamke, au ziingie katika simu yake kwa M-Pesa, ziwe zake kweli, ndipo aulize bei ya mpya. Wala asione haya kutoka nazo nje ya duka.