HAKI YA ANAYEKESHA MLANGONI

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baadu.

Ndugu zangu Waislamu, maduka yetu, skuli zetu, na hata misikiti yetu, siku hizi hulindwa na askari wa makampuni. Wengi wao ni wageni wetu. Yuko aliyetoka Uriri, katika kaunti ya Migori, nchi ya miwa na mahindi, akaacha jamaa zake upande ule wa ziwa akaja pwani kukesha ili sisi tulale. Nasi twamwita “mtu wa bara”, kana kwamba watu wa bara si waja wa Mwenyezi Mungu.

Katika Suratul Qasas twasoma kwamba Nabii Musa (a.s.) aliajiriwa Madyan kwa sifa mbili: nguvu na uaminifu. Hizo ndizo sifa za mlinzi. Lakini tazameni na upande wa mwajiri: aliutaja muda, miaka minane, na kuitimiza kumi ikawa ni hiari ya Musa, kisha akaahidi kwamba hatamtia mashakani.

Sisi je? Amri ya mishahara ya walinzi ya mwaka 1998, hapa Kenya, iliweka saa 52 kwa wiki ya siku sita. Anayeingia lindoni saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, siku sita, amefanya saa 72. Zile saa 20 zilizozidi ni deni. Asipolipwa, yuko mtu aliyekula jasho la mwenziwe.

Wengi hujitetea: “Mimi nailipa kampuni, na kampuni ndiyo imlipayo.” Udhuru huu hautoshi. Kamati ya msikiti ikichagua kampuni iliyo rahisi kuliko zote, nayo yajua kwamba kwa fedha zile haiwezekani mlinzi kupata haki yake, basi imeinunua dhulma kwa kujua.

Katika hadithi aliyoipokea Bukhari, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Siku ya Kiyama Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa khasimu wa mtu aliyemwajiri mwenziwe, akatimiziwa kazi, asimpe ujira wake. Wala hakushurutisha kwamba mwajiriwa huyo awe wa kabila letu.

Wengine hungoja Ramadhani, wakampa sahani ya futari na shilingi chache, wakahisabu kuwa wamemaliza. Futari ni jambo jema, lakini sadaka hailipi deni, wala zaka haiwi badali ya mshahara.

Kumbukeni pia hatari ya kazi hii. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, wauaji walipokivamia Chuo Kikuu cha Garissa, walianza kwa kuwapiga risasi walinzi wa lango. Mtu ambaye shingo yake ndiyo ya mbele katika kufa, vipi awe wa nyuma katika kulipwa?

Nawe mlinzi, jua kwamba lindo ni amana. Kulala hali umelipwa ukeshe, au kumfungulia mwizi mlango, ni khiana, na dhulma uliyofanyiwa haikuhalalishii. Dai haki yako waziwazi, na amana uitimize.

Basi kamati zetu na wenye maduka, kabla ya kutia saini, waulize: mlinzi atapata kiasi gani mkononi, kwa saa ngapi? Jawabu iandikwe katika mkataba, na mwisho wa mwezi aulizwe mlinzi mwenyewe, msimamizi wake asiwepo. Apewe kiti, maji, choo na pahala pa kujikinga na mvua. Na aliye Muislamu apewe nafasi ya kusali.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kutimiza haki za watu kabla hatujaulizwa. Amin.