Je, Vijana Wageni Hutusaidia?

Vijana wa sharika za Marekani huja kwetu majuma mawili, wakajenga ukuta wa shule. Twawashukuru. Walakini fundi wetu huketi kando bila ujira, na nauli ya kijana mmoja ingemlipa siku nyingi. Je, huo ni msaada?

Katika Luka 10 Bwana aliwatuma wale sabini pasipo mfuko wala mkoba, wapate kula walichoandaliwa na wenyeji. Walikwenda kutoa, na kupokea pia. Ushirika wa Dayosisi ya Iringa na sharika za Saint Paul, ulioanza mwaka 1987, waitwa Bega kwa Bega: jina jema.

Basi nasi tusinyamaze kwa haya. Mgeni tumpe jembe, lakini tumwonyeshe shamba. Fundi awe mwalimu, na kijana awe mwanafunzi wake.