Uaminifu wa Picha

Je, mtu aliyeona kidogo ana haki ya kuonyesha kingi, ikiwa anachokiongeza ni kweli? Swali hili lilinijia Muleba, usiku mmoja wa mwezi Juni, mbele ya darubini ndogo yenye kioo cha upana wa sentimita 20.

Msomaji aijuaye Bukoba na Muleba hahitaji kuelezwa taabu ya kazi hiyo. Ziwa Viktoria huleta mawingu, na hata kiangazi mbingu safi hupatikana kwa bahati. Tena hapa, karibu na Ikweta, Nyota ya Kaskazini imezama chini ya upeo wa macho. Mpiga picha hukosa nyota ya kuelekezea chombo chake.

Nilichokitafuta ni galaksi iitwayo NGC 4622, iliyo juu ya Msalaba wa Kusini. Nuru yake husafiri zaidi ya miaka milioni 100 kutufikia. Galaksi nyingi zenye mikono iliyojipinda huzunguka huku mikono ikiburutwa nyuma. Hii ina mikono miwili ya nje ipindayo upande mmoja, na mmoja wa ndani upindao upande wa pili. Kwa hiyo, izungukavyo vyovyote, pana mkono utanguliao. Hapo kwanza ilidhaniwa kuwa ni ule wa ndani. Mwaka 2002 Ronald Buta na wenzake, huko Marekani, walitangaza kutokana na picha za darubini ya Hubble kwamba inayotangulia ni ile ya nje. Wengi walisita kuamini.

Nilikusanya picha za muda wa saa mbili, nikaziunganisha. Mikono ya nje ilionekana kwa ufifi. Wa ndani haukuonekana kabisa. Kompyuta ingeweza kuukoza kwa dakika chache, na wanafunzi walikuwa wakiingoja picha. Ungekuwa uongo gani, ilhali mkono upo?

Walakini picha hushuhudia mambo mawili: kilichopo, na kilichoonwa. Mkulima atiaye kahawa ya jirani katika gunia lake hana kahawa ya uongo; uongo huanza asemapo kuwa imetoka shambani mwake. Kweli, nami nilikuwa nimeondoa ukungu na kuongeza weusi wa mbingu. Lakini kupepeta si kuongeza. Kupepeta huacha kile nuru ilichokileta. Na kama kila mpiga picha angeirekebisha yake ifanane na ijulikanayo, dhana ile ya kwanza ingesahihishwa na nani?

Niliwaonyesha picha ile hafifu. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, mkono wa ndani uko wapi?" Nikajibu, "Upo, lakini darubini yetu haikuufikia." Sikujivunia jibu hilo, wala sikulionea haya. Jioni ya pili walirudi watatu, wakaniomba tujaribu tena.