Nusu kilo ya kipupwe

Mwambie mtu wa Makete kwamba Korogwe kuna baridi, atakucheka mpaka ashike mbavu. Mji wenyewe uko bondeni, kando ya Mto Pangani, na miezi mingi ya mwaka tunacholalamikia ni joto. Lakini njoo Julai, kusi likiwa limeshika, panda Bungu au Ambangulu jioni wakati ukungu unashukia mashamba ya chai, kisha urudie maneno yako. Hata Handeni, ambako wageni hudhani ni jua na vumbi tu, asubuhi za kipupwe utawakuta wazee na makoti ya mtumba mpaka saa nne, na watoto wanaota moto nje kabla ya kwenda shule.

Ndiyo majira ambayo nyumba hukumbuka nyama. Si nyama choma. Hiyo ni ya safari na ya marafiki. Ukikaribia njia panda ya Segera, moshi wake unakuwahi kabla ya wauza machungwa. Nasemea ile ya kuchemsha, inayokaa jikoni saa mbili tatu hadi majirani nao wakajua leo kwa fulani kuna nini.

Mama mkwe wangu, Mzigua wa Sindeni aliyeolewa Korogwe, hupika ya mbuzi. Mbuzi mchanga hamtaki, anasema huyo ni maji tu. Anataka jike aliyekwisha kuzaa, na nyama iwe na mifupa. Anaibandika kwa maji baridi, chumvi na tangawizi iliyotwangwa, anaengua povu mpaka maji yatakate, kisha anapunguza makaa na kwenda zake kuchambua mchele wa kesho. Nyanya, karoti na viazi huingia nyama ikishalainika. Tui analitia kwa awamu: lile jepesi lichemke pamoja na viazi, lile zito mwisho kabisa, na hapo ni marufuku kufunika sufuria wala kuacha kukoroga, maana litakatika. Ndimu kila mtu atajikamulia sahanini. Pembeni kuna bada, ugali wa makopa, weusi-weusi na wenye kuvutika, ambao wageni wa bara huutazama kwa mashaka kabla ya kuomba waongezewe.

Sufuria hiyo ina karibu mkoa mzima wa Tanga ndani yake. Mbuzi katoka kwa wafugaji wa Handeni, waliokuwapo siku zote na hawa waliohamia Msomera kutoka Ngorongoro kuanzia Juni 2022. Viazi na karoti vimeteremka Lushoto kwa barabara ya Mombo. Nazi ni ya Muheza au Pangani. Na mchanganyiko huu si wa jana: reli ya Wajerumani iliyoanzia Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, mashamba ya mkonge yakavuta vibarua kutoka pande zote, na kila mmoja alikuja na mkono wake wa kupika. Ila Wamasai, nazi hawana habari nayo. Supu yao huchemshwa na kiloriti, ni chungu, na inapasha moto kwelikweli, ila si ya kumpa mtoto wa miaka mitano.

Sasa niseme linalonikera. Kilo ya nyama imeshavuka shilingi 10,000, kwa hiyo katika nyumba nyingi nusu kilo ndiyo karamu. Lakini pita kwenye vibanda vya supu saa moja asubuhi, stendi yoyote unayoitaka. Wamejaa wanaume, kila mmoja na bakuli lake, chapati mbili, pilipili na ndimu. Jioni huyohuyo anamwachia mkewe hela ya dagaa, na kuongeza kwamba hali ni ngumu. Sisemi mwanaume asinywe supu. Dereva wa bodaboda aliyepigwa na upepo tangu Mkata anaihitaji. Nasema tu kwamba ukijumlisha mabakuli ya wiki nzima, unapata sufuria ya Jumapili, watu wote wakala, na mifupa ikabaki ya kuchemsha Jumatatu.

Kupikia kuni na mkaa nako kuna mashaka yake. Mkakati wa taifa wa nishati safi uliozinduliwa mwaka 2024 unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati hiyo, na mimi niliyeona mapori ya Handeni yakigeuka magunia ya mkaa kandokando ya barabara siwezi kupinga. Ila mbuzi mzee na mtungi mdogo wa gesi hawaelewani. Mama mkwe amepata njia ya katikati: anachemshia mkaa, anamalizia kwa gesi, na sufuria ya presha tuliyomnunulia anahifadhia unga.

Ninapomkubali zaidi ni kwenye mgawo. Tumekulia nyumba ambazo baba huwekewa finyango tatu, watoto wakapewa mchuzi wenye harufu ya nyama. Yeye huanza na watoto, wanafuata waliokaa jikoni, wanaume tunapewa mwisho, kulingana na kilichobaki. Julai iliyopita shemeji yangu, mwanawe mkubwa, alipokea sahani yake akaikagua: viazi viwili, mfupa, mchuzi.

"Mama, mbona mimi finyango sioni?"

"Wewe si umekunywa supu asubuhi, baba."

"Nani kakwambia?"

"Shati lako."

Tuliangua kicheko sote, mkewe kuliko wote. Shemeji alijikung'uta kifuani, akavuta bada karibu, akaomba aongezewe mchuzi.