Zebaki na Usonji

Huko Rwamgasa, katika machimbo ya Geita, mchimbaji mdogo hushikanisha chembe za dhahabu kwa zebaki, kisha hulichoma donge lake motoni. Dhahabu husalia, zebaki hupaa. Na mvuke ule, ukivutwa, hufika hadi ubongoni. Mwaka 2003 wataalamu wa mradi wa Umoja wa Mataifa waliwapima wanakijiji, wakakuta miongoni mwa wachomaji dalili za sumu hiyo: mikono yenye kutetemeka, mwendo usio thabiti. Watengeneza kofia wa Ulaya, karne ya 19, walidhurika kwa zebaki hiyo hiyo, wakaitwa wendawazimu.

Mchomaji wa leo huhurumiwa, kwa kuwa sababu ya maradhi yake yajulikana. Je, mtoto mwenye usonji, asiye na sumu yoyote mwilini, asiyemtazama mtu usoni lakini ahesabuye mizunguko ya karasha tangu asubuhi? Kwake huulizwa kwanza: nani kamroga, mamaye kala nini? Ajabu hii, utu kungojea cheti cha sababu! Mchomaji alikuwa mtu kabla ya kupimwa. Mtoto naye hana ugonjwa hata atafutiwe mkosaji. Ana akili ya namna yake, na haja ya mtu wa kuketi naye kizingitini, wahesabu pamoja.