Mcheza Kwao Hutunzwa: Kijana wa Mara, Washa Simu Urekodi

Nyumbu wanaovuka Mto Mara wana video nyingi kuliko mama zetu. Mwaka 1959 Mjerumani Bernhard Grzimek alitoa filamu yake kuhusu Serengeti, akiwa amempoteza Michael, mwanawe na mwenzake wa kazi, katika ajali ya ndege Januari mwaka huohuo. Mwaka uliofuata filamu hiyo ikabeba tuzo ya Oscar, na tangu hapo kamera kubwa za dunia hazijaacha kuja. Zinashuka, zinapita, zinaelekea mbugani. Nani anabaki nyuma kumrekodi mama anayeuza dagaa Mwigobero, Musoma? Nani amenasa kelele za stendi ya Bunda basi la kutoka Mwanza kwenda Sirari linapoingia? Nani ameketi na mzee wa Butiama mpaka hadithi ikafika mwisho?

Nakuuliza wewe mwenye simu mfukoni.

Mwaka 2004 Hubert Sauper, mtengeneza filamu kutoka Austria, alitoa Darwin's Nightmare, filamu ya sangara wa Ziwa Victoria na watu wa Mwanza. Ilisifiwa Ulaya, lakini huku kwetu wengi waliona imetuchafua, hata Rais Kikwete akaikosoa hadharani mwaka 2006. Tulikasirika, na tulikuwa na haki ya kukasirika. Lakini hasira haioneshwi kwenye skrini. Jibu la video ni video. Ukitaka ziwa lako lisimuliwe vizuri, lisimulie.

Usingoje kamera

Utaniambia huna kamera, simu yenyewe ya kawaida, kioo kimepasuka. Sikiliza. Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, walionesha filamu kumi jijini Paris mbele ya watu waliolipa kiingilio. Hakuna hata moja iliyofika dakika moja. Mojawapo ilionesha wafanyakazi wakitoka kiwandani, basi. Hazikuwa na sauti wala rangi, na kamera ilisimama palepale. Simu unayoidharau inafanya mambo ambayo ndugu wale hawakuyaota.

Kama Paris ni mbali, vuka ziwa. Kampala, katika mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana alitengeneza filamu za mapigano kwa kompyuta aliyoiunga mwenyewe na silaha za bandia zilizochomelewa kwa vyuma chakavu. Filamu yake ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, imetazamwa na mamilioni ya watu duniani. Hakusubiri studio. Alianza na majirani zake.

Silaha yako ni kurudi kesho

Mgeni mwenye kamera ya mamilioni ana siku chache, halafu anapanda ndege. Wewe unaishi hapa. Leo ukikosa, kesho utarudi, na keshokutwa watu watakuzoea mpaka wasahau kwamba unarekodi. Nafasi hiyo haiuzwi dukani.

Tena unajua ratiba za mahali pako. Unajua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika. Kwa hiyo tazama mwezi kabla ya kupanga siku. Mitumbwi ikirudi alfajiri, wewe uwe mwaloni tayari: mwanga ni laini, na upepo wa ziwani, ambao huvuma zaidi mchana, bado haujaamka kukuharibia sauti. Saa sita mchana weka simu chini. Sisi tuko karibu na Ikweta, jua linasimama utosini na macho ya watu yanageuka mashimo meusi. Rudi saa kumi na mbili jioni. Hapo jua linashuka upande wa ziwa, na Musoma nzima, mawe kwa maji, inapata rangi ya dhahabu. Lakini fanya haraka, kwetu jua halichelewi kuzama.

Rekodi kwa akili

Futa lenzi kwa kitambaa safi kabla ya kila kitu, maana mafuta ya vidole yameharibu video nyingi kuliko ubovu wa simu. Weka simu katika hali ya ndege ili mjomba asipige katikati ya kazi. Amua mapema: video ya wima kwa ajili ya watu wa simu, au ya kulala kwa ajili ya runinga. Usichanganye. Bonyeza uso wa mtu kwenye skrini na ushikilie mpaka mwanga na fokasi vifunge, ili picha isiwe inang'aa na kufifia yenyewe. Usivute kwa zumu, tembea umsogelee.

Kisha tulia. Kila shoti ishikilie kwa sekunde kumi bila kuhamahama. Chukua ya mbali ituoneshe tuko wapi, ya kati ituoneshe nani anafanya nini, na ya karibu: vidole vinavyofungua fundo la wavu, jasho, sarafu zinazobadilisha mikono. Anayeanza husahau shoti za karibu, kumbe ndizo zitakazomwokoa wakati wa kuhariri.

Sauti nayo usiifanyie mzaha. Mtazamaji atavumilia picha hafifu, lakini akishindwa kusikia atahama. Huna maiki? Azima simu ya pili, washa kinasa sauti, iingize katika mfuko wa shati la anayezungumza, kisha piga kofi moja mbele ya kamera. Kofi hilo litaonekana kwenye picha na kusikika kwenye sauti, nawe utalitumia kuvilinganisha viwili hivyo. Ukimrekodi mpiga litungu, sogea karibu na chombo, mbali na genereta na mashine ya kusaga.

Na hesabu nafasi. Dakika moja ya 1080p hula takribani MB 60 hadi 130, na 4K hula mara mbili au tatu ya hapo. Kwa kuanzia 1080p inatosha kabisa. Kila jioni nakili kazi kwenye memori kadi, flashi au kompyuta ya rafiki. Simu huanguka majini, hasa kwetu sisi watu wa ziwa.

Kata bila huruma

Hapa ndipo wengi hukwama. Simu imejaa klipu mia, video hakuna hata moja. Programu zipo, na unaweza kuanza bila kulipa: CapCut, InShot au VN kwenye simu, Shotcut au Kdenlive kwenye kompyuta ya kawaida, na ukipata kompyuta yenye nguvu, DaVinci Resolve ina toleo la bure ambalo huenda usilimalize maishani.

Tazama klipu zote mara moja, chagua chache, zipange. Kata mwanzo unaotikisika na mwisho unaoning'inia. Achana na mbwembwe za picha kuzunguka na kulipuka; mkato mnyoofu unatosha. Halafu jaribu hili: mlio wa injini ya boti uanze kusikika sekunde mbili kabla boti yenyewe haijaonekana. Mtazamaji ataingia ziwani kabla hujamwonesha maji.

Zaidi ya miaka mia moja iliyopita Mrusi Lev Kuleshov aligundua siri ya kazi hii. Aliunganisha uso uleule wa mwigizaji na bakuli la supu, kisha na jeneza, na watazamaji wakaona njaa, kisha huzuni, ingawa uso haukubadilika. Nawe weka uso wa mvuvi kisha wingu jeusi. Halafu uweke uso huohuo kisha wavu uliojaa. Umepata hadithi mbili kwa uso mmoja, bila kuongeza shilingi.

Wazee hawasubiri

Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922 na kufariki mwaka 1999, na makumbusho ya pale yanatunza vitu vyake. Lakini kumbukumbu za majirani zake hazimo kabatini. Mzee aliyekuwa na miaka 20 tulipopata Uhuru mwaka 1961 sasa amevuka miaka 80. Ana habari za siku ile, za kuhamia vijijini miaka ya 1970, za mbegu na ngoma ambazo wajukuu hawazijui. Nenda kwake. Toa shikamoo kwanza, kaa, kunywa uji, eleza unachotaka na umwombe ruhusa. Simu itoke mwisho. Muulize swali fupi, kisha unyamaze. Akitulia usimkatize, maana neno zito mara nyingi huja baada ya kimya. Ukimaliza, wapelekee familia nakala yao.

Adabu hiyo ienee kwenye kazi yako yote. Mtoto asirekodiwe bila ridhaa ya mzazi. Wimbo wa msanii una mwenyewe, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo. Afadhali umrekodi mpiga ngoma wa mtaani kwako, kwa makubaliano. Droni usiirushe bila kibali, na ndani ya hifadhi waulize kwanza TANAPA, wasimamizi wa hifadhi za taifa.

Jumamosi hii

Usianze na filamu ya saa mbili. Anza na dakika moja: mtu mmoja, kazi moja, shoti kumi na mbili za sekunde tano baada ya kukata. Kama uko Musoma, iwe fundi wa mitumbwi. Kama uko Bunda, iwe mkulima wa pamba au mama wa chapati stendi. Kama uko Butiama, iwe bibi yako akisimulia jinsi alivyopewa jina. Jumamosi asubuhi rekodi, jioni hariri, na kabla ya kulala iwe imekamilika, hata kama ina makosa. Iliyokamilika itakufundisha; iliyo kichwani haifundishi mtu.

Jumapili mtafute uliyemrekodi, mwoneshe kabla ya mtu mwingine yeyote, na umsikilize atakachosema. Kisha mwulize: nani mwingine mtaani anastahili dakika yake? Akikutajia jina, hiyo ndiyo video yako ya pili. Nenda ukaipige.